Mwanafunzi wa Kwenye Bango

Picha ya Nduta ilikuwa kubwa kuliko Nduta mwenyewe. Ilitundikwa kwenye lango la chuo, katika bango jipya lililovutwa kwa kamba hata upepo wa Kajiado ukashindwa kulikunja. Binti alikuwa amevaa aproni nyeupe na kofia ya mpishi, ameshika mkate kwa mikono miwili, anacheka. Chini yake maandishi ya bluu yalisema: HAPA HAKUNA ANAYEACHWA.

Muthoni alisimamisha gari. Alikuwa ametoka Isinya mbio, trei za mayai ya wateja bado zimo nyuma, kwa sababu Namunyak, rafiki ya Nduta darasani, alikuwa amempigia simu na kusema maneno machache tu: "Mum, kuja. Nduta analia na hataki kuniambia." Lakini pale langoni alisahau simu hiyo kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kumweka mtoto wake mahali pa kuonekana. Alilipiga picha lile bango, akamtumia mumewe, Ishmael, bila kuandika neno.

Kisha akaingia ndani, akamkuta mwenye picha nyuma ya kantini ya walimu, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anaosha sahani.

Darasa lake lote lilikuwa ukumbini. Walikuwa wakielezwa juu ya atachimenti, ile miezi ambayo mwanafunzi hupelekwa kwenye hoteli au kiwanda cha mikate akafanye kazi chini ya wenye ujuzi, na ambayo bila kuipitia hakuna anayehitimu. Nduta alikuwa ameingia na wenzake akaketi. Karani akaja, akamshika bega, akamwambia kwa upole kwamba mambo hayo hayamhusu, aende akasaidie kantini.

"Niliambiwa nisaidie," Nduta alisema bila kuinua macho. "Mimi sikuwa nasaidia. Nilikuwa kwa class."

Nduta alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Akili yake ilijifunza polepole. Ndivyo daktari alivyoeleza alipokuwa mdogo, na ndivyo Muthoni alivyowaeleza watu tangu hapo, ingawa watu walipendelea maneno yao wenyewe. Kusoma ukurasa mzima kulimchosha. Hesabu zilimponyoka. Ukimpa maagizo mengi kwa mpigo, alibaki na lile la mwisho. Lakini ukimwonyesha jambo, akalifanya, akalirudia, lilikaa. Shule aliyosomea Kitengela, katika darasa la wenye mahitaji maalum, ilimuaga kwa keki na nyimbo alipopita umri, na mwalimu mkuu akampa Muthoni mkono akisema sasa amepata wa kumsaidia nyumbani. Kana kwamba nyumbani ndicho chuo kikuu cha watu wa aina yake.

Alikaa nyumbani akiokota mayai na kufagia banda la kuku. Akajifunza mandazi, kisha skonzi, kisha mkate wa sufuria, na siku moja akamwambia mama yake waziwazi kwamba anataka kuisomea kazi hiyo, kama binti za jirani wanavyosomea zao. Ishmael alikataa. Hakuwa baba mbaya. Aliogopa tu kicheko cha watu, na alikuwa amekiogopa kwa muda mrefu hata akakiita busara. Muthoni akazunguka, akapiga simu, akakataliwa huku na huku, mpaka chuo kile cha ufundi cha Kajiado kikasema kinafungua milango kwa wote, na mwalimu wa uokaji, Bwana Nzau, akasema yuko tayari.

Na ukweli ni kwamba mambo yalikwenda vizuri. Nzau alichora hatua za kuoka mkate kwenye karatasi kubwa: hamira, maji ya uvuguvugu, unga, mikono inayokanda, unga umeumuka, moto. Akazibandika ukutani kwa ajili ya Nduta, na wanafunzi wengine wakazitazama kwa pembe ya jicho wakijifanya hawazihitaji. Bwenini, Namunyak, msichana wa kutoka upande wa Bissil, alimpa kitanda kilicho jirani na chake na kumfundisha kujibu "Iko" kila anaposalimiwa kwa Kimaasai "Takwenya". Nduta alirudi nyumbani likizo ya kwanza akiwa na maneno mapya ya Sheng yaliyomtia baba yake wasiwasi. Muthoni aliyafurahia yote.

Sasa alimwinua kutoka kwenye ile ndoo, akamfuta mikono, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo.

Bwana Kiama alikuwa mtu nadhifu mwenye sauti laini. Alimketisha, akaagiza chai. Muthoni alikuwa amejiandaa kukutana na mtu jeuri. Kwa chai hakuwa na silaha. Kiama akaeleza kwamba anampenda Nduta kama mtoto wake. Kwamba huko hotelini watu ni wakali. Kwamba mwajiri mmoja alishapiga simu kuuliza chuo kitamletea wanafunzi wa aina gani, na jina la chuo ni kitu cha kulindwa. Akataja bima. Akasema Nduta atapewa cheti cha kuhudhuria, tena kwenye fremu nzuri, na wakati wenzake wako nje atashinda pale kantini ili asijisikie ametengwa.

"Nduta ni malaika wetu hapa," alisema.

"Mimi sikuleta malaika," Muthoni alisema. "Nilileta mwanafunzi."

Kiama alitabasamu lile tabasamu la kungoja mzazi apoe. Kisha, kama mtu anayebadilisha mazungumzo kwa jambo la heri, akasema Ijumaa kuna wageni, wafadhili wanaopenda sana elimu jumuishi, na wangefurahi Nduta akiwapa maua. Muthoni akamuuliza ni nani aliyetoa ruhusa ya ile picha langoni. Mkuu wa chuo alishangaa, na mshangao wake ulikuwa wa kweli.

"Mama Nduta, hiyo ni heshima tumempa."

Hilo ndilo lililomchoma Muthoni kuliko yote. Mtu yule hakuwa akificha kitu. Alikuwa ameweka uso wa msichana langoni na mwili wake jikoni kuosha sahani, na hakuona kwamba kuna mahali pa kuona aibu. Aliiacha chai ikiwa imejaa. Akaenda bwenini, akakusanya nguo za Nduta, akazitupa garini juu ya mayai. Namunyak aliwakimbilia mpaka langoni na ndara zilizosahaulika, akazisukuma dirishani.

Njia nzima Muthoni alizungumza. Alisema hawatarudi pale, alisema atawaonyesha, alisema chuo hakikustahili mtoto kama yeye. Nduta alitazama nje, kwenye ua wa waya na vibanda vya maua vya Isinya. Walipofika nyumbani alikataa kushuka. Ishmael alitoka dukani kwake, anakouza chakula cha mifugo, na ile picha ya bango bado iko mkononi kwenye simu. Alikuwa ameshawaonyesha wateja. Akauliza kuna nini. Nduta ndiye aliyejibu, lakini alimjibu mama yake.

"Principal alinitoa class," alisema. "Wewe umenitoa shule. Sasa nani mbaya?"

Muthoni aliziacha nguo alizokuwa akizishusha. Alikuwa amepigana vita ya mtu mwingine na kumbeba huyo mtu kama mzigo. Ishmael aliitazama picha kwenye simu yake, akamtazama binti yake aliyejikunja kwenye kiti cha gari, na polepole akaelewa alichokuwa akiwaonyesha wateja. Akaizima simu. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mambo ya chuo yaanze, ndiye aliyesema kwamba ni lazima arudi.

Basi Muthoni akaamua hivi: kama chuo kinasema hakuna mwajiri anayemtaka, atamtafuta huyo mwajiri yeye mwenyewe. Kesho yake akaenda na Nduta Kitengela, na safari hii akamwacha atangulie kushuka.

Walikataliwa kwa namna nyingi. Mahali pamoja waliambiwa nafasi zimejaa, na walipokuwa wakitoka akaingia kijana mwingine akaambiwa arudi Jumatatu. Mahali pengine mwenye duka, mama aliyevaa vizuri na mwenye kitambulisho cha kanisa shingoni, alimwambia Muthoni kwa huruma kwamba wateja wa siku hizi wanachagua, wakimwona huyu jikoni watanunua mkate kwingine. Alisema hivyo Nduta akiwa amesimama pale pale. Akaendelea, bado akimwelekea Muthoni, kuuliza kama anaweza kushika vitu bila kuviangusha.

"Niulize mimi," Nduta alisema.

Yule mama alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia kasuku akitaja jina lake, akampa skonzi ya bure. Nduta aliirudisha kwenye kabati la kioo na kulifunga. Muthoni alitoka kwa hasira hadi barabarani, akaketi garini kwanza kabla ya kuwasha injini.

Kiwanda cha Kyule kilikuwa nyuma ya soko la Noonkopir, mlango wa bati, joto la oveni likikupokea kabla hujamwona mtu. Kyule mwenyewe alikuwa mwanamume mfupi aliyejaa unga hadi kwenye nyusi, na hakukaribisha mtu. Alisikiliza huku akipanga mikate. Akamuuliza Nduta, si Muthoni, anajua kufanya nini. Nduta akasema anajua mkate, skonzi, na keki, lakini keki humchanganya. Kyule akamsukumia donge la unga. Nduta akanawa mikono, akakanda. Alikuwa mpole na wa taratibu mno, na vijana wa pale walishamaliza madonge yao naye bado analo lake la kwanza.

"Uko slow," Kyule akamwambia.

"Niko slow," Nduta akakubali.

Kyule alilibonyeza donge kwa kidole, likainuka tena. Akasema yeye hana kazi ya huruma. Akileta barua ya chuo yenye muhuri, kama wengine wote, ataanza nao, na akiharibu vitu atafokewa kama wengine wote. Muthoni alitaka kumkumbatia yule mtu na unga wake. Hakuna aliyewahi kumwahidi binti yake kufokewa kwa usawa.

Lakini muhuri ulikuwa wa Kiama. Muthoni alimpigia Mwalimu Nzau, akamwambia yote, kisha akamuuliza swali lililokuwa likimsumbua: alikuwa wapi karani alipomtoa Nduta ukumbini? Nzau alifunga mlango kwanza; Muthoni akausikia kwenye simu. Halafu akasema alikuwepo, ameketi mstari wa mbele. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha na mwenye kuuandika upya ni Kiama.

"Basi uliona," Muthoni akasema. "Usiniambie hukuona."

"Niliona, Mama Nduta," Nzau akasema. "Kujeni Ijumaa asubuhi."

Ijumaa chuo kilikuwa kimefagiliwa, mawe ya njiani yamepakwa chokaa, mahema meupe yamesimamishwa uwanjani. Nduta alivaa sare yake. Mlangoni kwa mkuu wa chuo alimwambia mama yake abaki nje. Muthoni alianza kupinga, akakumbuka kule garini, akaketi kwenye benchi la wageni. Mlango ulibaki wazi kidogo.

Alisikia sauti ya Kiama ikipanda na kulainika, ile sauti ya kuzungumza na watoto wa chekechea. Alifurahi kwamba amerudi. Alimuuliza kama atapenda soda kabla ya kuwapa wageni maua.

"Sitaki soda," Nduta alisema. "Nimepata attachment. Ni kwa Kyule, Kitengela. Nataka barua na muhuri."

Kiama alisema hayo ni mambo makubwa, amwite mama wazungumze.

"Mama hasomi hapa. Ninasoma mimi."

Kisha Kiama akaanza tena na bima, safari hii kwa sauti ya kawaida, na sauti hiyo ndiyo iliyomwonyesha Muthoni kwamba siku zote alikuwa nayo na hakuona haja ya kuitumia kwa Nduta. Hapo Nzau akapita mbele ya benchi, koti limefungwa vibaya, akaingia bila kugonga. Alisema bima ya wanafunzi walio kazini hulipwa pamoja na karo, na Nduta alilipa karo ileile. Alisema barua ameshaiandika na kuweka sahihi kama mwalimu wa darasa. Akaiweka mezani mbele ya Kiama.

Kiama alimwambia Nzau kwa utulivu kwamba watazungumza baadaye.

Muthoni hakuweza kukaa zaidi. Alisimama mlangoni, na hakuinua sauti. Alisema magari ya wageni yameanza kuingia langoni na wote wanapunguza mwendo kutazama bango. Kama barua haitapigwa muhuri, atawangoja kwenye hema na kumwomba kila mmoja amfuate nyuma ya kantini, akaone alipokuwa yule msichana wa kwenye bango wenzake wakifundishwa. Na bango lenyewe lishushwe, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenye uso.

Muhuri ukagongwa. Muthoni aliusikia mlio wake, na furaha aliyoitarajia haikuja. Mtu yule hakugonga muhuri kwa sababu ameelewa. Aligonga kwa sababu ya hema na wageni. Angalau angekasirika, angebishana, angemwona Nduta kama mtu wa kubishana naye. Lakini alikuwa ameshaangalia saa, anaita mtu amtafute msichana mwingine wa kubeba maua. Nje, wafanyakazi wawili walilishusha bango na kulikunja, wakamuuliza Nduta kama analitaka. Nduta akasema hana mahali pa kuliweka, na akaenda kumtafuta Namunyak amwonyeshe barua.

Kwa Kyule mambo hayakuwa asali. Nduta aliunguza trei nzima ya mikate wiki ya kwanza. Alisahau chumvi. Aliweka hamira kwenye maji ya moto, ikafa, na unga ukakaa kama matope. Kyule alimfokea mbele ya watu, kama alivyoahidi, na binti akarudi nyumbani macho yamevimba. Muthoni alichukua ufunguo wa gari aende akamkabili yule mtu. Nduta akasimama mlangoni.

"Usiende. Alimfokea hata Kevo wa oveni. Kevo alichoma trei mbili."

Akaenda zake kulala, na Muthoni akabaki na ufunguo mkononi.

Nzau alimtumia nakala za ile michoro yake, na Nduta akazibandika karibu na oveni kwa gundi ya unga. Kyule alilalamika kwamba ukuta wake unachafuliwa. Hakuzibandua. Mteja mmoja wa jumla aliuliza siku moja, akimwonyesha Nduta kwa kidevu, siku hizi mnaweka watu kama hawa? Kyule akamuuliza kama anataka mkate ama hataki, maana kuna foleni. Hayo yalisimuliwa na Namunyak, aliyekuwa akifanya atachimenti yake katika hoteli moja palepale Kitengela na kuja kumchukua Nduta siku za mapumziko.

Matokeo yalipotoka, Nduta alikuwa amepita mkate, amepita skonzi, amepita usafi wa jikoni. Alikuwa amefeli kupiga bei, ile hesabu ya unga na sukari na faida. Nzau, aliyekuwa amepewa mkataba mfupi kuliko wa mwanzo na hajui kama atapewa mwingine, alimweleza ana kwa ana bila kumzungusha: atarudia somo hilo muhula ujao, pamoja na wengine waliofeli, na watajaribu kwa njia nyingine. Nduta alikasirika. Alisema mtihani ulikuwa mbaya. Akafunga mlango wa chumba chake kwa kishindo kilichowashtua kuku.

Ishmael alikuwa dukani na jirani mmoja. Muthoni alimsikia akilalamika, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia akimzungumzia binti yake, kwamba watoto wa siku hizi ukiwalipia chuo wanafeli hesabu, na jirani akamjibu kwamba hata wake ni hivyohivyo, ndiyo shida yao.

Muhula ulipofunguliwa, Muthoni alimpeleka. Nduta alishuka na sanduku lake akaelekea bwenini bila kugeuka, alikuwa amechelewa. Kwenye dirisha la mapokezi kulikuwa na mwanamke aliyejitambulisha kuwa Dolphine, wa kutoka Tuala, na kando yake kijana mrefu aliyekuwa akisugua vidole vyake. Karani alikuwa akimweleza, kwa upole uleule, kwamba mwaka huu nafasi za watoto kama huyu zimejaa, labda ajaribu kwingine, labda mwaka ujao. Dolphine alikuwa akiitikia kwa kichwa, anaanza kufunga mkoba wake, ana haya kama mtu aliyeomba kitu kisicho chake.

Muthoni alisikia kila neno. Alikuwa na mayai ya kupeleka, na jua lilikuwa limeanza kuwa kali. Alifunga gari, akavuta benchi hadi chini ya lile dirisha, akamwonyesha Dolphine mahali pa kuketi.

"Usiende," alimwambia. Kisha akamgeukia yule kijana. "Na wewe, unataka kusomea nini?"